Karanga na Maji ya Mboga: Kipi Kinachomlea Mtoto?



Leo nataka kueleza jambo la jikoni, ingawa mimi ni mwalimu wa madrasa, si mganga wala mpishi. Elimu yangu ni ya Qur'ani na ya shule ya msingi. Walakini jambo hili lilinifika nyumbani, nami ndimi niliyekuwa sababu ya madhara yake. Kwa hiyo naona yanipasa kulisema, ili mwingine asiingie nilimoingia.

Miaka miwili iliyopita nilifunga safari kutoka Kasulu kwenda Kibondo, nyumbani kwa mwanangu. Kabla ya kupanda gari nilipita mnadani. Hapo nikamkuta mtu amesimama juu ya meza, ana kipaza sauti mkononi, na mbele yake mna mashine ya kusagia, karoti, nyanya na mafungu ya mchicha. Alikuwa akisema ya kuwa glasi moja ya maji ya mboga, au juisi kama wasemavyo vijana, ina nguvu kuliko sahani nzima ya chakula; ya kuwa karanga na maharage ni vyakula vizito, kazi yake ni kuuchosha mwili; na ya kuwa mtoto akinyweshwa maji hayo asubuhi na jioni hana haja ya kitu kingine. Alisema kwa ufasaha, na watu wakamsikiliza. Mimi nami nilimsikiliza, nikanunua chupa mbili pamoja na karatasi ya maelezo.

Nilipofika Kibondo nilimkuta mjukuu wangu, umri wake mwaka mmoja na mwezi mmoja, mwili wake umejaa na uso wake umechangamka. Mama yake alikuwa akimpikia uji wa mahindi na kuutia karanga za kutwanga, kama alivyolelewa yeye mwenyewe na mama yake. Nikamwambia, "Binti yangu, uji mzito huu wa nini? Mpe mtoto maji ya mboga. Siku hizi watu wanalelea hayo." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, Baba." Hakuwa amekubali, alinistahi tu. Gunia la karanga lililokuwa chumbani likauzwa, na fedha yake ikanunua karoti na nyanya. Kila siku mama yule akawa anakuna karoti, anazikamua kwa kitambaa, na makapi anawatupia kuku.

Baada ya miezi mitatu nilirudi, nikafuatana nao kliniki. Mtoto alipopimwa, mstari wa uzito katika kadi yake, uliokuwa ukipanda mwezi hata mwezi, ukaonekana umelala, na mwezi ule wa mwisho umeanza kushuka. Muuguzi aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," kisha akamgeukia mama akauliza, "Mtoto huyu anakula nini?" Mkaza mwanangu aliinamisha uso asijibu. Hakutaka kumshitaki baba mkwe wake mbele ya watu. Basi nikasema mimi, "Niliyeagiza ni mimi," nikaeleza habari yote. Yule muuguzi hakunikaripia. Alisema neno moja tu: "Mwalimu, maji ya mboga si mabaya. Ubaya ni kuziondoa karanga."

Neno lile lilinikaa moyoni. Nikaanza kuuliza wanaojua, kusoma vitabu vya siha na majedwali ya vyakula, na kufanya hesabu. Haya ndiyo niliyoyapata.

VYAKULA VIWILI KATIKA MIZANI

Kwanza tuziweke karanga katika mizani. Wataalamu wa mimea husema karanga ni jamaa ya maharage na kunde, ingawa jikoni twazihesabu pamoja na korosho na lozi. Gramu 100 za karanga zilizokauka zina karibu gramu 26 za protini, yaani chakula cha kuujenga mwili. Zina gramu 49 za mafuta. Na nguvu yake yapata kalori 567. Tena zina madini ya chuma, ya zinki na ya magnesi, zina vitamini E, na zina vitamini ya namna ya B iitwayo niasini, miligramu 12, ambayo habari yake itakuja mbele. Walakini hazina vitamini A wala vitamini C.

Sasa tuyapime maji ya karoti, gramu 100 vile vile. Nguvu yake ni kalori 40. Protini haifiki gramu moja. Mafuta karibu hakuna. Maji ya nyanya ni mepesi zaidi, kalori 17 tu. Lakini tazama upande wa pili: glasi moja ya maji ya karoti ina asili ya vitamini A ya kumtosha mtu mzima kwa siku nzima na kubaki ziada, na glasi ya maji ya nyanya mbichi humpatia mtoto mdogo vitamini C aihitajiyo kwa siku. Hayo hutayapata katika karanga, hata ule gunia zima.

Basi tufanye hesabu ya nyumbani. Konzi ya karanga yapata gramu 30. Ndani yake mna kalori 170 na protini karibu gramu 8. Ili kupata protini hiyo katika maji ya karoti, yakupasa kunywa glasi tatu na zaidi. Hiyo ni habari ya mtu mzima, ambaye tumbo lake ni kubwa. Mtoto je?

Mtoto wa mwaka mmoja hata miwili huhitaji karibu kalori 900 kwa siku. Glasi moja ya maji ya karoti ina kalori 100. Kwa hiyo, ukitaka kumlea kwa maji hayo peke yake, sharti anywe glasi tisa, nazo ni zaidi ya lita mbili. Na tumbo la mtoto hubeba takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 hubeba gramu 300 kwa mara moja, yaani glasi moja na kidogo. Hapa ndipo penye hila ya jambo hili. Mtoto hunywa, tumbo likajaa, akaacha kulia. Mama huona ameshiba, kumbe amejaa maji. Mjukuu wangu hakulia njaa katika miezi ile mitatu, wala hatukujua ya kuwa anakonda, kwa sababu tumbo lake halikuwa tupu hata siku moja.

Kisha kuna yale makapi waliyotupiwa kuku. Karoti nzima ina nyuzinyuzi karibu gramu 3 katika kila gramu 100. Maji yaliyochujwa hayafikishi hata gramu moja. Nyuzinyuzi hizo ndizo zinazolainisha choo na kuzuia sukari ya mboga isiingie mwilini kwa haraka. Mwenye kuchuja hutupa nusu ya faida, kisha hunywa nusu iliyobaki akidhani amekamilisha.

KARANGA ZILIPOKOSEKANA

Labda msomaji atasema, "Hizi ni hesabu za karatasini." Haya, natuangalie mambo yaliyotokea kwa watu.

Sisi wa Kibondo na Kasulu tunaijua habari ya wakimbizi na posho yao. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo. Na Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya ndugu zetu wa Burundi. Tumeona kwa macho yetu maisha ya mtu ambaye chakula chake hupimwa na mwingine. Mtu huyo hana shamba la kuchuma wala soko la kuchagua. Kikikosekana kitu kimoja katika posho, mwili wake utatoa habari.

Jambo la namna hiyo lilitokea katika nchi ya Malawi. Mamia ya maelfu ya watu wa Msumbiji walikuwa wamekimbilia huko kwa sababu ya vita. Posho yao kubwa ilikuwa mahindi, na pamoja nayo walikuwa wakipewa karanga. Mwaka 1989 karanga zikaanza kukosekana. Watu waliendelea kula ugali, na matumbo yao hayakuwa matupu. Lakini kati ya Februari na Oktoba mwaka 1990, watu zaidi ya 17,000 walishikwa na maradhi yaitwayo pelagra. Ngozi ya shingo na ya mikono hugeuka nyeusi na kuchubuka kama iliyoungua kwa jua, tumbo huharisha, akili huchafuka, na asiyetibiwa huweza kufa.

Sababu ilikuwa nini? Ni ile niasini niliyoitaja. Mahindi yanayo kidogo, tena imefungwa ndani ya punje hata mwili hauwezi kuitoa. Watu wa Mexico tangu zamani huyachemsha mahindi yao katika maji ya chokaa, na chokaa hiyo huifungua. Sisi hatuna desturi hiyo. Huko Malawi karanga ndizo zilizokuwa zikiwapa niasini, na zilipoondoka, maradhi yakaingia. Waliochunguza waliona ya kuwa nyumba zilizokuwa na bustani na zilizoweza kupata karanga zilisalimika zaidi.

Nilipoisoma habari hii nilisitasita sana. Chakula chetu sisi wa Buha ni nini? Ni ugali wa mahindi na wa muhogo. Na muhogo una protini kidogo kuliko hata mahindi. Basi mwenye kuondoa karanga na maharage katika nyumba ya namna hiyo ameondoa nguzo, na paa atalishika kwa mikono yake.

MBOGA ZILIPOKOSEKANA

Walakini si haki kuyasikiliza mashitaka ya upande mmoja. Mboga nazo zina shahidi wao.

Mabaharia wa zamani waliokaa baharini miezi mingi walikuwa wakila mikate mikavu na nyama ya chumvi. Fizi zao zilivimba na kutoka damu, meno yakalegea, majeraha ya kale yakafunguka, na wengi walikufa. Maradhi hayo huitwa kiseyeye. Mwaka 1747 tabibu mmoja wa Uingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 waliougua katika jahazi la kivita, akawagawa wawili wawili, na kila wawili akawapa dawa mbali. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi kuliko wote. Sababu yake haikujulikana wakati ule. Leo twajua ni vitamini C.

Wala si habari ya kale tu. Katika miaka ya 1980 kiseyeye kiliwashika wakimbizi wa Kiethiopia katika kambi za Somalia na Sudan. Posho yao ilikuwa nafaka, mafuta na vitu vikavu. Majani mabichi na matunda hawakuyapata. Nguvu ya kutosha mwili waliweza kuipata katika nafaka, lakini kinga hawakuwa nayo.

Sasa weka khabari hizi mbili pamoja, ndugu msomaji. Waliokosa karanga waliugua ugonjwa ambao maji ya karoti yasingeutibu. Waliokosa mboga waliugua ugonjwa ambao karanga zisingeutibu. Kwa hiyo swali la yule mtu wa mnadani, ya kuwa kipi bora kati ya hivi viwili, ni swali lililopotoka tangu mwanzo. Ni kama kumwuliza mjenzi, matofali na udongo wa kuungia, kipi bora? Atakuambia, nionyeshe ukuta uliojengwa kwa kimoja.

CHUNGU CHA WAZEE WETU

Jambo lililonifedhehesha zaidi ni kuona ya kuwa jawabu lilikuwa katika chungu cha bibi zetu siku zote. Nani katika Kasulu na Kibondo asiyeijua sombe? Majani ya muhogo hutwangwa, huchemshwa sana, kisha hutiwa mawese, na mwenye nafasi huongeza karanga zilizotwangwa. Watu wa pwani hukiita chakula hicho kisamvu, nao hukiunga kwa nazi.

Hebu tukitazame chungu hicho kwa elimu ya leo. Majani yana asili ya vitamini A na yana madini. Karanga zina protini na mafuta. Mawese mekundu, yanayotoka katika michikichi ya mkoa wetu wa Kigoma, ni miongoni mwa vitu vya mimea vyenye asili ya vitamini A kwa wingi kabisa, mradi yasiunguzwe motoni hata wekundu wake ukatoka. Na kuna siri moja zaidi: ile asili ya vitamini A iliyomo katika karoti na majani haiingii mwilini vizuri ila ikifuatana na mafuta. Maji ya karoti yanyweshwayo peke yake juu ya tumbo tupu hupita na sehemu kubwa ya hazina yake. Yafuatane na karanga, au yanywewe pamoja na chakula chenye mafuta, hapo ndipo faida yake hupatikana. Kwa hiyo karanga si adui wa mboga. Ndizo zinazoifungulia mboga mlango.

Sisemi ya kuwa wazee walijua niasini na vitamini. Walijua mtoto aliyestawi na mtoto aliyedhoofu, nao wakashika kile kilichomstawisha. Walakini kupika sombe kwa muda mrefu huiondoa vitamini C, na hapo ndipo tunda au nyanya mbichi, na hata hayo maji ya mboga, yanapopata nafasi yake ya haki.

HATARI ZA KILA UPANDE

Kila chakula kina adabu zake. Mwenye kuzivunja hugeuza dawa ikawa sumu.

Adabu ya karanga ni ukavu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Ilipochunguzwa, ilionekana walilishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na kuvu, na kuvu hiyo ilitoa sumu ambayo leo huitwa aflatoksini, yenye kuharibu ini na hata kuleta saratani yake.  Hapa Tanzania, mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, sumu hiyo iliingia katika mahindi na watu wapatao 20 walikufa. Sumu hii haiondoki kwa kupikwa wala kwa kukaangwa. Basi karanga zianikwe juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo. Ziwekwe mahali pakavu, zisiguse ardhi. Na tuache desturi ya kuzilowesha maganda ili zibanguke kwa urahisi, maana hapo ndipo kuvu hualikwa. Iliyosinyaa, iliyogeuka rangi, na yenye ukungu itupwe. Wala isipelekwe katika uji wa mtoto kwa kusema "tusipoteze". Unachookoa ni karanga moja, unachohatarisha ni mtoto.

Tena mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, kwa kuwa huweza kumpalia na kuziba pumzi. Apewe zilizotwangwa zikawa unga. Na wako watoto wachache ambao miili yao huzikataa karanga: midomo huvimba, ngozi hutoka vipele, pumzi hubana. Akionekana wa namna hiyo, aachishwe na apelekwe zahanati mara moja.

Adabu ya maji ya mboga ni usafi na wakati. Mboga mbichi ikioshwa kwa maji machafu huwa gari la kubebea maradhi. Mei 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, katika mkoa wetu huu huu, kati ya wakimbizi waliotoka Burundi, na maelfu waliugua; hatuna haja ya mwalimu mwingine kutufundisha khatari ya maji machafu. Mboga ioshwe kwa maji safi, maji ya kuchanganyia yachemshwe kwanza, na kilichokamuliwa kinywewe papo hapo, maana kikikaa hupoteza vitamini C yake na huota vijidudu.

Na jambo moja nalisisitiza, kwa kuwa nimesikia kijana mmoja akilisema kwa mzaha: majani mabichi ya muhogo yasikamuliwe yakanywewa kabisa! Yana sumu. Kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu, chungu kikiwa wazi, ndiko kunakoiondoa. Bibi zetu hawakuipika sombe kwa saa nyingi kwa sababu ya kukosa kazi.

MALI TUNAYOIUZA

Nimejiuliza pia, kwa nini ilikuwa rahisi hivyo kuliuza lile gunia? Ni kwa sababu wengi wetu twaziona karanga kuwa ni fedha, si chakula. Katika nchi yetu fikra hiyo ina historia. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Nachingwea na Urambo, hapo jirani yetu katika Tabora. Nia yake ilikuwa kupata mafuta ya kula kwa watu wa Uingereza waliobanwa na uhaba baada ya vita. Matrekta yaliletwa, misitu ikang'olewa, lakini ardhi ngumu na mvua chache vikaushinda mpango. Mwaka 1951 ukaachwa, na hasara ikahesabiwa paundi milioni 36. Karanga zile zilikusudiwa kutoka, hazikukusudiwa kumlisha mtoto wa Kongwa.

Sisi leo hatulazimishwi na mtu. Mkulima wa Kasulu ana haki ya kuuza mavuno yake, maana ada na sare za shule havilipwi kwa uji. Lakini kuuza zote hata kusibaki debe moja la watoto, kisha kwenda kununua maji matamu ya chupa kwa fedha ile ile, ni biashara ya hasara. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 34 wamedumaa. Na ule wa mwaka 2022 ulionyesha 30. Tumepiga hatua, lakini watoto 30 katika 100 ni wengi mno kwa nchi inayolima karanga, maharage na mboga.

LA KUFANYA NYUMBANI

Nitataja machache ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya.

Kwanza, mtoto wa chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu. Si maji ya mboga, si uji, wala si maji matupu. Baada ya hapo aanze vyakula, na kunyonya kuendelee hata miaka miwili. Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Suratul Baqara imeitaja miaka hiyo miwili kwa mwenye kutaka kutimiza kunyonyesha.

Pili, uji wa mtoto usiwe wa unga mtupu. Gramu 20 za karanga zilizotwangwa, nazo ni kama vijiko viwili vya kulia vilivyojaa, huongeza kalori 110 na zaidi na protini gramu 5. Vijiko hivyo viwili vina nguvu kuliko glasi nzima ya maji ya karoti, wala havijazi tumbo.

Tatu, mboga na matunda yawepo kila siku. Kwa mtoto mdogo, mboga iliyopondwa ni bora kuliko iliyochujwa. Aliyepita mwaka akipewa maji ya mboga, yawe kidogo, bila sukari, na yawe baada ya chakula, si badala yake.

Nne, katika mwezi wa Ramadhani, mwenye kufunga aweza kuanza na tende na glasi ya maji ya mboga au ya matunda. Ni jambo zuri, kwa kuwa mwili una kiu. Lakini asimalizie hapo. Futari yake na daku yake viwe na karanga au maharage, maana maji hukata kiu ya jioni, na karanga humsaidia mtu kufika adhuhuri ya kesho.

Tano, na hili ni la wazee wanaume wenzangu: tusiwaamrishe wake zetu na wakaza wana zetu katika jambo ambalo wao wana ujuzi nalo nasi hatuna. Heshima waliyotupa isiwe sababu ya kuwaziba midomo.

Na mjukuu wangu? Siku ile tuliyotoka kliniki nilinunua karanga njiani, nikamkabidhi mama yake, na mbele ya mumewe nikamwomba radhi. Alisema, "Baba, yamekwisha," akaingia jikoni. Uji ukarudi kama zamani, na jioni akapewa sombe laini na kipande cha papai. Mstari wa kadi haukupanda upesi. Ulichukua miezi minne hata kurudi ulipokuwa. Sasa ana miaka mitatu na kidogo, ameanza kufika barazani kwangu na kuzifuata herufi za alifu na be pamoja na wakubwa wake. Kila nimsikiapo sauti yake nakumbuka ya kuwa nilitaka kumfanyia wema, na ya kuwa kutaka wema peke yake hakumshibishi mtoto.

Wabillahi tawfiq.